Kazini Hakulalwi

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua imetoka kukatika, mzee mmoja aligonga mlango wangu kwa fimbo. Nilifungua na mwiko mkononi, bukari, ugali wetu, bado haijashika. Alivaa koti la suti juu ya sweta, suruali kaikunja kwa sababu ya matope, na viatu vyake alikuwa ameshaviacha kwenye ngazi bila mtu kumwambia.

“Jambo, mama. Kipimo ingali?”

Nilidhani amekosea nyumba. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama sakafu nyuma yangu, na ndipo nikaelewa. Katikati ya sebule yangu kulikuwa na bamba la chuma la mizani ya zamani, ukubwa wa mlango uliolazwa chini, lenye vinundu vya kuzuia mguu usiteleze. Ukilikanyaga lilinguruma kidogo. Nusu yake nilikuwa nimeifunika kwa mkeka, nusu nyingine ndiko watoto wa jirani walipenda kuja kuruka.

“Ingali, tata. Karibu.”

Aliingia, akausogeza mkeka kwa ncha ya fimbo, akapanda juu ya bamba. Akasimama miguu pamoja, mikono ubavuni, akitazama ukutani mahali ambapo mimi nimetundika kalenda. Alikaa hivyo hadi nikaanza kusikia bukari ikiungua. Kisha akaniuliza nalala wapi.

Nikamwonyesha pazia. Kitanda kiko hatua nne kutoka pale aliposimama.

“Ku kazi habalale, mama,” akasema. Kazini hakulalwi.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama vile wewe ungemwambia mtoto kwamba kanisani watu hawapiki.

Ni wiki nyingi sasa, na sentensi hiyo bado inanitafuna.

Depo

Mnaoijua Lubumbashi, mji wetu wa shaba kusini mwa Kongo, mnazijua nyumba hizi, hata kama hamjawahi kuingia ndani. Maghala ya matofali mekundu kando ya reli, madirisha ya chuma ya vioo vidogovidogo, nusu vimevunjika, na mlango mkubwa wa kuteleza ambao umekwama tangu enzi za Mobutu. Mengi yamekuwa makanisa. Mengine yanauza simenti na mabati. Hili la kwetu, upande wa stesheni, njia inayoelekea Kamalondo, mwenye nyumba aliligawa vyumba, akaviita apatimenti.

Tuko familia sita. Kuta za nje ni za zamani, nene, unaweza kukalia kizingiti cha dirisha na miguu yako isitoke nje. Kuta za ndani ni za juzi: matofali ya kichuguu, yale yanayochomwa pembezoni mwa mji, yamepandishwa mita tatu hivi, halafu basi. Juu ni wazi. Paa liko mbali huko, mabati juu ya fremu za chuma, na hewa ya wote sita ni moja.

Kwa hiyo najua nani anakoroma. Najua jirani wa kushoto husali saa kumi usiku na kwamba huanza na majina ya wadeni wake. Akikaanga samaki wa thomson mtu wa chumba cha mwisho, sote tunakula harufu. Mara moja nilipiga chafya na watu wanne wakaniombea afya.

Halafu kuna umeme. Depo lilikuwa na laini ya viwandani, fazi tatu, mita moja. Hadi leo ni mita moja. Kila mwisho wa mwezi tunakaa uani kugawana bili, na kila mwezi kesi ni ileile: nani ana resho la kupikia, nani ana pasi, nani anasema hana friji ilhali sote tunaisikia ikinguruma juu ya ukuta. Katika nyumba isiyo na dari huwezi kuficha friji.

Kukodi kwenyewe kulikuwa vita vidogo. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, alitaka garanti, amana ya kodi, ya miezi 6. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu nyumba za kupanga inasema miezi 3 kwa nyumba ya kuishi. Nilimwambia. Akacheka, akasema lakini hii si nyumba, hii ni depo. Tukaishia miezi 5, na mimi nikajiona mjanja.

Picha nilizotuma

Nitasema ukweli. Nilipahamia kwa sababu ya uzuri wake.

Asubuhi, hasa wakati wa kiangazi, jua huingia kupitia vile vioo vidogo na kuchora miraba kwenye sakafu, na sakafu yenyewe ni ya zege la zamani lililosuguliwa na magunia hadi likawa laini kama goti. Kwenye nguzo kuna namba zilizopakwa rangi nyeupe: 7, 8, 9. Mimi naishi kati ya 8 na 9. Nje ya mlango kuna jukwaa la kupakulia, kimo cha behewa, na mbele yake vipande vya reli vimemezwa na ardhi nyekundu. Nilipiga picha za kila kitu. Binamu yangu aliye Ubelgiji akaandika kwamba huko kwao watu wenye pesa ndio wanaoishi kwenye viwanda vya zamani. Nikafurahi siku nzima.

Mama yangu, anayekaa mtaa wa Katuba, alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni na kifuko chake cha dagaa wa kapenta mkononi.

“Mwana yangu, mu depo banaweka bunga. Habaweke batu.” Ghalani huwekwa unga, hawawekwi watu.

Nikamwambia mama, mambo yamebadilika. Akaketi, akanywa chai, akatazama juu kule kwenye fremu, akauliza mvua ikinyesha tunasikilizanaje. (Hatusikilizani. Mvua ikinyesha juu ya mabati yale, familia sita zinapata faragha kwa mara ya kwanza.)

Nililichukua neno la mama kama aibu ya mtu wa zamani. La mzee sikuweza kulichukua hivyo. Yeye hakuona aibu yoyote. Alikuwa ananieleza matumizi ya mahali.

Kazi ilikuwa baba

Babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwenye tanuru, chini ya lile dohani tunaloliita mumbunda. Reli ilifika hapa 1910 ikitokea kusini, shaba ya kwanza ikayeyushwa 1911, na tangu hapo mji huu ulipanga maisha ya watu kufuatana na kazi. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, baada ya kuchoka kuona wafanyakazi wanakuja na kurudi vijijini, iliamua mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka: uoe, uzae, upewe nyumba kambini, posho, zahanati, shule. Wazee walikuwa wakisema kampuni njo baba, njo mama, yaani ndiyo baba, ndiyo mama. Walikuwa hawatanii. Mama yangu alizaliwa kambini, na hadi leo huamka kwa saa ya king'ora ambacho hakimwamshi tena.

Kambini, ukiwa na kazi unapata nyumba. Kazi ikiisha, unatoka kwenye nyumba. Babu alipostaafu walihesabu masufuria, wakaondoka.

Hilo lilikuwa linanizunguka kichwani usiku, nikimsikiliza jirani akianza na majina ya wadeni. Babu alipata nyumba kwa sababu kazi ipo. Mimi nimepata nyumba kwa sababu kazi imekufa. Depo hili lingekuwa bado linapokea mabehewa, ningekuwa nakodi kachumba kwenye mitaa yetu ya Kenya au Kampemba na bamba lile ningelijua kwa kusimuliwa tu.

Na Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, iliyorithi yote hayo baada ya utaifishaji wa 1967, mwaka 2003 iliwaondoa watu zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, Benki ya Dunia ikilipa. Mji mzima unajua mtu aliyekuwa kwenye orodha ile. Mimi ninajua wawili, na mmoja wao bado anavaa kofia yake ya kazini akienda sokoni.

Sasa mtu wa namna hiyo anapita mbele ya dirisha langu, ananiona nimekaa kwenye kizingiti na simu, napiga picha namba 8.

Mara ya pili

Mzee alirudi baada ya wiki mbili. Safari hii niliweka kiti juu ya bamba kabisa, nikamtilia munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi.

Alikuwa akipima magunia ya unga, kumbe. Mabehewa yanaingia, vijana wanabeba, kila gunia linapita kwenye mizani, yeye anaandika. Ile sehemu ya ukuta aliyokuwa akiitazama, penye kalenda yangu, ndipo ulipokuwa uso wa mizani, na mshale. Macho yake yalikuwa yamekwenda pale yenyewe. Aliniambia gunia linaloloa linaongeza uzito, na kwamba kapita mmoja, msimamizi wa vijana, alikuwa akimwagia maji magunia makusudi. Aliniambia vijana walikuwa wakijipima wenyewe siku ya mshahara, kwa mzaha, kuona nani amenenepa. Yeye hakuwahi kunenepa.

Halafu akaongea kuhusu baba yake, na hapo ndipo nilipokaa vizuri.

Baba yake aliishi Kamalondo, ambayo wakoloni waliiita Albert. Kati ya Albert na mji wa Wazungu waliacha ukanda mtupu, zone neutre, wakatoa maelezo ya kidaktari: malaria, mbu, umbali ambao mbu hawezi kuruka. Mchana baba yake alivuka kuja kufanya kazi upande huu. Usiku, bila karatasi, kukutwa huku ni kukamatwa. Kwa hiyo jioni mguu mbio.

“Yeye alifanya kazi hapa, hakulala hapa hata siku moja,” mzee alisema. “Miye vilevile. Tulikuwa tunafunga mulango, tunaenda.”

Basi ile “kazini hakulalwi” haikuwa tabia njema tu. Ilikuwa imeanza kama amri ya polisi, ikapita kwa baba, ikafika kwa mtoto ikiwa imegeuka kuwa adabu. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona nitakuwa namfundisha maisha yake mwenyewe. Nikamwongezea munkoyo.

Alipoondoka aliuliza kama anaweza kumleta mjukuu wake Jumamosi moja, asimame pale juu. Nikamwambia alete siku yoyote. Nikamwambia bamba haliendi popote.

Neno hilo ndilo linalonifanya niandike leo.

Unga ukutani

Tangu mvua za kwanza ukuta wangu ulikuwa unatoa unga. Siwezi kulieleza vingine. Chini, karibu na sakafu, vinachomoza vinywele vyeupe, ukivigusa vinakuwa vumbi. Kwa ujinga wangu mtamu nilifikiri ni unga wa zamani, depo linakumbuka. Nilikuwa hata nimeanza kuandika aya kuhusu jambo hilo kwa ajili ya blogu hii.

Kikohozi kiliponishika nikaita fundi masoni. Akapiga magoti, akachota ule unga kwa kidole, akaulamba.

“Chumvi,” akasema.

Akagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, kutoka chini kwenda juu. Hadi kiunoni ulilia mtupu. Alinieleza, na hapa nampa sifa zake, kwamba matofali haya yalijengewa chokaa, na chokaa hupumua: maji yakipanda kutoka ardhini yanatoka yenyewe. Mwenye nyumba alipokuja na simenti yake akapiga lipu ndani, alifunga pua ya ukuta. Maji hayana pa kutokea, yanapanda zaidi, yakikauka yanaacha chumvi. Dawa ni kubandua lipu yote hadi kiunoni, kuacha ukuta ukauke, kupaka chokaa, ile ya Kakontwe huko Likasi ni nzuri.

Nikafurahi. Rahisi.

“Lakini maji haya ni mengi kuliko ya ardhi,” akaendelea. Akageuka taratibu, akatazama bamba.

Waliliinua watu watatu kwa mtaimbo. Chini yake kulikuwa na shimo la kufika kiunoni, na ndani ya shimo, mikono ya chuma ya mizani imeshikana kutu, na maji meusi hadi magotini. Bomba la zamani la kutolea maji lilikuwa limezibwa, pengine siku ileile kuta za vyumba zilipojengwa. Mvua yote ya uani ilikuwa inaingia humo na kunywewa na ukuta wangu.

Fundi akamulika kwa simu. Juu ya maji vilikuwa vinacheza viluwiluwi vya mbu, mamia.

Hatua nne kutoka kitandani.

Kilo 121

Mwenye nyumba alikuja siku hiyohiyo, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa ajili ya choo. Aliamua haraka: shimo lijazwe mawe na zege, vyuma vitoke, na kwa kuwa mafundi wameshafika, sakafu yote iwekwe karo, yaani vigae. Kodi itapanda kidogo.

Hapa sijivunii. Nilikuwa na usiku mmoja wa kusema hapana. Nililala, yaani sikulala, nikipanga hotuba: bomba lizibuliwe, shimo likaushwe, bamba lirudi. Fundi alikuwa ameshaniambia inawezekana, ni ghali tu, na tena kila masika mtu atalazimika kufungua na kusafisha. Nikahesabu pesa nilizonazo. Nikakohoa. Nikahesabu tena.

Na kulikuwa na swali jingine, baya zaidi, ambalo lilikuja karibu na saa ya jirani kusali. Ningelihifadhi bamba lile kwa ajili ya nani? Kama ni kwa ajili ya mzee, mbona sikuwahi kumuuliza anataka lifanywe nini? Na kama ni kwa ajili ya picha, basi nilikuwa nimeweka kazi ya mtu sebuleni kwangu kama vile watu wanavyoweka ua la plastiki.

Sikupata jibu. Asubuhi nilikubali zege na kukataa karo. Kodi ilipanda hivyohivyo, kidogo kuliko alivyotaka.

Wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuja na mkokoteni na mizani yao. Lile bamba waliliweka juu. Kilo 121. Mwenye nyumba alibishana nao akisema mizani yao ni ya wizi, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani mzee angekuwepo, yeye angejua.

Mikono ya chuma ilitoka vipande. Kipande kimoja, kidogo, chenye umbo la kisu butu, nilikitia mfukoni kabla hawajakihesabu. Fundi aliniona akanyamaza. Kipo kwenye kizingiti cha dirisha, na sijui jina lake.

Jumamosi iliyopita

Walikuja wawili. Mzee na koti lake, mtoto wa kama miaka minane amevaa shati la shule ingawa ni Jumamosi. Viatu wameviacha kwenye ngazi.

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno. Yote yalipotea. Nilifungua tu mlango wote, nikasogea.

Pale lilipokuwa bamba palikuwa na mraba wa zege jipya, bado jeusi kwa unyevu, limefunikwa magunia matupu yaliyoloweshwa ili lisipasuke. Ukutani, lipu imebanduliwa, matofali mekundu yako wazi, na juu yake tumepaka chokaa mkono mmoja.

“Iko wapi?” mtoto akauliza.

Mzee alinyoosha fimbo, akaonyesha palepale, katikati kabisa. Kisha akainua fimbo hadi penye kalenda, akamwonyesha uso wa mizani ulipokuwa, na mshale ulivyokuwa unacheza kabla haujatulia. Alimwonyesha kwa mkono: hivi, hivi, halafu tuu. Mtoto alitazama kalenda kwa heshima.

“Ingali mubichi,” nikasema. Ndicho kitu pekee nilichoweza kusema.

“Itakauka lini?”

“Fundi anasema siku saba, tata.”

Akatikisa kichwa kukubali, kama karani anayepokea taarifa ya behewa lililochelewa. “Basi tutarudi.”

Nilimchukulia mtoto kile kipande cha chuma kutoka dirishani, nikampa. Babu yake akakipokea, akakigeuza, akalitaja jina lake kwa Kifaransa, haraka, sikulidaka, akamrudishia mtoto. Hawakukaa. Ili wasikanyage zege walipita kandokando, wakijibana ukutani, mtoto mbele, mzee nyuma.

Walipofika uani niliona bega lote la koti lake limekuwa jeupe kwa chokaa. Nilimwita nimpanguse. Alikuwa ameinama anavaa viatu, na treni ilikuwa inapita.